Barua aliyoibeba Uria: kosa la kiongozi halimuishii mwenyewe

(Haya ni yale niliyoongea kwenye semina ya viongozi wa kanisa, nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema maana waliochelewa wameniomba.)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wazee wetu wa kanisa, mama zetu, viongozi wa vijana na kwaya, watunza hazina wote mliopo, wanaostahili shikamoo shikamooni, na wengine mambo vipi. Nimepewa mada ya kiongozi na matokeo ya makosa yake, na nikaona nikisema nipite kwa kila mfalme aliyeharibikiwa tutakaa hapa mpaka kesho kutwa, maana Wafalme wa Kwanza na wa Pili ni vitabu viwili vizima vya mada hiyohiyo. Kwa hiyo nimechukua mtu mmoja tu, tena nimemchukua yule tunayempenda, Daudi. Yule mfalme mwovu Ahabu ni rahisi bwana, ukihubiri Ahabu watu wanaitikia amina kwa nguvu huku kila mmoja anamfikiria mwenzake. Daudi ndo anauma, maana zaburi zake tunaziimba.

Tufungue 2 Samweli sura ya 11. Jeshi liko Raba kwa Waamoni, Yoabu ndo kamanda, mfalme kabaki Yerusalemu. Wengi tunahubiri hapo kwamba kosa lilianzia kwa mfalme kukaa nyumbani, mi sikatai ila naona tunapakimbilia sana, mfalme kubaki mjini peke yake si dhambi, mbele huko sura ya 21 watu wake wenyewe walimwapia asitoke nao tena vitani wasije wakampoteza. Shida ni alichokifanya na ile nafasi. Jioni anatembea juu ya dari ya nyumba ya mfalme, anaona mwanamke anaoga, anatuma mtu aulize ni nani. Sasa hapa naomba tusimame kidogo.

Jibu lililorudi ni hili, huyo si Bathsheba, binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti? Ona yule mtumishi alivyojibu. Hakusema tu jina la mwanamke, kataja baba yake, kataja na mume wake. Mi nasoma pale kama mtu wa chini anayejaribu kuweka uzio kwa adabu, hawezi kumwambia mfalme acha, ila anamwambia mzee huyu ana wenyewe. Na hao wenyewe si watu baki, ukienda sura ya 23 kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi unamkuta Eliamu, na jina la mwisho kabisa kwenye orodha ni Uria Mhiti, alafu wanafunga kwa kusema jumla yao ni watu 37. Kwa hiyo mfalme aliambiwa waziwazi, kabla hajafanya lolote, kwamba huyu ni mke wa askari wako. Akatuma wajumbe wakamchukua. Nani waliomchukua? Hatuwajui majina, ila walikuwepo, walipiga hodi kwenye mlango wa mtu aliye vitani. Kiongozi anapokosea huwa anasema hili nimefanya kwa siri, siri gani na umetuma watu?

Mwanamke akashika mimba, taarifa ikaja. Daudi hakutubu, aliita kikao cha kuzima moto. Kamuita Uria kutoka vitani, akamuuliza habari za Yoabu, habari za jeshi, vita vinaendeleaje, maswali ya bosi asiyesikiliza majibu, alafu akamwambia nenda nyumbani kwako ukanawe miguu, na zawadi ya mfalme ikamfuata nyuma. Uria hakwenda. Kalala mlangoni pa mfalme pamoja na watumishi wengine. Kesho yake anaulizwa mbona hukwenda kwako, anajibu Sanduku la agano na Israeli na Yuda wanakaa vibandani, bwana wangu Yoabu na wenzangu wamelala nje uwandani, mimi niende nyumbani nikale na kunywa na kulala na mke wangu? Daudi akamlewesha. Bado hakwenda. Jamani, Uria mlevi alikuwa na msimamo kuliko mfalme mzima asiye na tone kichwani, na huyu ni Mhiti, mtu ambaye kabila lake wengine wangemnyooshea kidole.

Ndo ikaandikwa barua. Kwa Yoabu, kwamba mweke Uria mbele pale vita vilipo vikali, kisha mrudi nyuma mumuache apigwe afe. Na aliyepewa kuibeba ni Uria mwenyewe. Kama angekuwa mtu wa kufungua barua za watu angepona. Mfalme alimuua kwa kutumia uaminifu wake.

Sasa watu wengi tukifika hapa tunaruka moja kwa moja kwa nabii Nathani, na mi nataka tubaki na Yoabu, maana hapa ndo kuna somo la viongozi. Yoabu akaisoma. Alikuwa askari mzoefu, akaona maelekezo ya mfalme yana kasoro, ukimuacha mtu mmoja pale mbele na wote mkarudi nyuma kila askari atajua huyu ameuawa makusudi. Kwa hiyo akarekebisha plani. Akasogeza kikosi karibu na ukuta mahali alipojua kuna mashujaa, watu wa mji wakatoka wakapigana, wapiga mishale wakawatwanga toka ukutani, na Biblia inasema wakaanguka baadhi ya watu wa Daudi, na Uria naye akafa. Baadhi ya watu! Hao hawamo kwenye barua. Hao hawakuwa na mke aliyeonekana toka darini. Walikufa ili kifo cha Uria kionekane cha kawaida, yaani walikuwa gharama ya kufunika. Wake zao nao walilia Yerusalemu wiki hiyohiyo na hakuna mfalme aliyetuma mtu kuwachukua.

Alafu msikilize Yoabu anavyompanga mjumbe wa kupeleka ripoti. Anamwambia ukimaliza kueleza habari za vita, mfalme akikasirika akauliza mbona mlikaribia ukuta hivyo, hamkumbuki Abimeleki alivyouawa Thebesi na mwanamke aliyemtupia jiwe la kusagia toka ukutani, basi hapo mwambie, mtumishi wako Uria Mhiti naye amekufa. Yoabu alikuwa anajua sentensi hiyo moja itamnyamazisha mfalme. Na kweli mjumbe akasema, na Daudi aliyekuwa mtaalamu wa vita kuliko wote, hakuuliza chochote kuhusu ukuta, hakuuliza wamekufa wangapi, akasema mwambie Yoabu asione vibaya, upanga hula huyu na huyu. Kwa lugha ya maofisini, ajali kazini.

Ndugu zangu, pale ndo Daudi alipoupoteza ufalme wake kwa namna fulani, ingawa taji lilibaki kichwani. Kuanzia siku hiyo kamanda wa jeshi ana kitu cha mfalme. Ni kama umemtumia mtu meseji mbaya alafu yeye kapiga skrinshoti, haongei, haitishi, ila wote wawili mnajua ipo kwenye simu yake. Nisimuonee Daudi, Yoabu alikuwa mgumu tangu zamani, alishamuua Abneri, aliyekuwa kamanda wa mfalme Sauli aliyemtangulia Daudi, na Daudi akalalamika kwamba wana wa Seruya, yaani Yoabu na ndugu yake, ni wagumu mno kwake. Na Biblia haisemi kwamba Yoabu aliwahi kumtisha mfalme kwa ile barua, hilo ni mimi ninavyosoma. Lakini angalieni mambo yalivyokwenda baadaye. Mwanawe Absalomu anamwasi, mfalme anatoa amri mbele ya jeshi lote, mtendeeni kwa upole kijana Absalomu, na Yoabu anachukua mishale mitatu anamchoma nayo Absalomu moyoni akiwa hai ananing'inia kwenye mwaloni. Mfalme analia, Yoabu anaingia ndani anamfokea, toka nje ukaongee na watu la sivyo usiku huu hatabaki mtu na wewe. Mfalme anatoka anaketi langoni kama alivyoambiwa. Anamteua Amasa awe kamanda badala yake, Yoabu anamshika Amasa ndevu kama anataka kumbusu na kumchoma upanga tumboni, na mwisho wa sura ya 20 ukisoma orodha ya viongozi, nani yuko juu ya jeshi la Israeli? Yoabu. Daudi alisubiri mpaka yuko kitandani anakufa ndo akamwagiza Sulemani amshughulikie, akamtajia damu ya Abneri na damu ya Amasa. Ya Uria hakuitaja. Angeitajaje?

Turudi sasa nyumbani kwake. Nathani alikuja, mnajua ile hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye kakondoo kamoja kanakolala kifuani pake, sitairudia. Daudi akawaka, akasema mtu huyo anastahili kufa na arudishe mara nne, akaambiwa mtu huyo ni wewe, na upanga hautaondoka nyumbani mwako. Hapo akasema nimemfanyia Bwana dhambi. Na hilo ndo linamtofautisha na Sauli, Sauli alipobanwa na nabii Samweli kuhusu mifugo ya Waamaleki aliyoagizwa aiue yote alisema ni watu, watu ndo waliacha wale kondoo wazuri. Daudi hakusema ni Yoabu. Akasamehewa papo hapo, Nathani kamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako, hutakufa.

Ila msamaha haukurudisha maji kwenye mtungi. Mtoto aliyezaliwa na Bathsheba akaugua, siku ya saba akafa. Najua hapa kuna mtu ana swali, mtoto kakosa nini, na nilijua litaulizwa. Mi sina jibu la kulifanya liwe tamu. Ninachokiona kwenye Maandiko ni kwamba hivyo ndivyo ilivyo mbaya dhambi ya mwenye mamlaka, inawafikia wasiohusika, na hata Daudi mwenyewe siku nyingine, alipohesabu watu na tauni ikaua watu 70,000 kuanzia Dani mpaka Beer-sheba, alilia kwamba mimi ndiye niliyekosa, hawa kondoo wamefanya nini? Swali lako unalouliza, na yeye aliliuliza. (Tena kwenye ile sensa Yoabu alimpinga kwanza, akamwambia mfalme unalitakia nini jambo hili. Ajabu sana, Yoabu alibisha kuhesabu watu, kuua hakubisha.)

Alafu Amnoni. Huyu ni mtoto wa kwanza wa mfalme, anamtamani dada yake wa baba mmoja, Tamari, anajifanya mgonjwa, anamuomba baba, na Daudi mwenyewe ndo anatuma mtu amwambie Tamari nenda nyumbani kwa ndugu yako ukampikie. Kampikia mikate, kambaka, kamfukuza, na mtumishi akafunga mlango nyuma yake. Tamari akajitia majivu kichwani, akararua ile kanzu yake ya binti za mfalme, akaenda zake analia. Mfalme aliposikia? Aliona hasira sana. Nukta. Ukitafuta alichofanya baada ya hasira hukikuti. Hakumuita Amnoni, hakumuita Tamari. Na mi nadhani najua kwa nini, maana angemuanzia wapi? Amnoni angeuliza tu kwa upole, baba, na wewe ulipomuona mke wa Uria? Kuna wazazi humu na kuna viongozi humu, mnanielewa, kosa lako la jana ndo linakufunga mdomo leo mbele ya kosa la mtoto wako au la mhasibu wako. Unakuta kiongozi anakasirika kila kikao na hakuna anayechukuliwa hatua.

Mfalme asipohukumu, mtu mwingine atahukumu kwa njia zake. Absalomu, kaka yake Tamari wa tumbo moja, akakaa kimya miaka 2 mizima, hakumwambia Amnoni neno la heri wala la shari, alafu wakati wa kukata manyoya ya kondoo akaandaa karamu Baal-hasori na vijana wake wakamuua Amnoni akiwa amechangamka kwa divai. Akakimbilia Geshuri kwa babu yake Talmai, miaka 3. Akarudishwa Yerusalemu, miaka 2 mingine hauoni uso wa baba yake. Mpaka akachoma shamba la shayiri la Yoabu ndo akapata mtu wa kumpeleka kwa mfalme.

Huyo kijana ndo akaanza kuamka asubuhi na mapema anasimama kando ya njia ya langoni. Mtu akija na kesi yake kutoka kabila lolote anamwambia kesi yako ni nzuri, ila mfalme hajaweka mtu wa kukusikiliza, laiti ningekuwa mimi mwamuzi. Akiinama kumsujudia anamshika mkono anambusu. Tunamsema Absalomu mnafiki, sawa, ila kampeni yake ilishika kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake, yeye mwenyewe dada yake hakusikilizwa. Akaenda Hebroni akajitangaza mfalme, na alikwenda na watu 200 wa Yerusalemu walioalikwa tu, walikwenda kwa unyofu wao bila kujua chochote, wanadhani wanaenda kwenye sadaka.

Na nani alimuita awe mshauri wake? Ahithofeli wa Gilo. Sasa hapa rudini kwenye ile orodha ya mashujaa sura ya 23, mstari wa 34, Eliamu mwana wa Ahithofeli. Na Bathsheba alikuwa binti wa nani? Eliamu. Biblia haisemi kwa neno moja kwamba ni Eliamu yuleyule, ila walimu wengi wa Maandiko tangu zamani wanaona hivyo na mi naona hivyo, yaani mshauri mkuu wa mfalme alikuwa babu yake Bathsheba, ameketi na Daudi mezani miaka yote ile, anatoa ushauri uliohesabiwa kama neno la Mungu, na amenyamaza. Alafu siku ikafika. Daudi anakimbia mji, Absalomu anaingia Yerusalemu, anauliza tufanye nini, Ahithofeli anasema ingia kwa masuria wa baba yako aliowaacha walinde nyumba. Wakamtandikia hema, wapi? Juu ya dari. Juu ya nyumba ya mfalme, mbele ya macho ya Israeli wote. Nathani alishasema, wewe ulifanya kwa siri mimi nitalifanya mbele ya jua. Na wale wanawake 10, walikuwa wamemkosea nani? Daudi aliporudi aliwaweka ndani, akawalisha, hakuwaendea tena, wakaishi kama wajane mpaka kufa kwao. Hawa hatuwahubiri kabisa.

Siku ile ya kukimbia Daudi alikuwa anapanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, kajifunika kichwa, analia. Pale Bahurimu akatokea Shimei wa ukoo wa Sauli anamrushia mawe, anamwita mtu wa damu, anamwambia Bwana amekulipa damu yote ya nyumba ya Sauli. Sasa kwa habari ya Sauli, Shimei alikuwa anakosea, Daudi alimpata Sauli pangoni akakata pindo la vazi tu, na aliyekuja kujisifu kwamba amemuua Sauli Daudi aliamuru auawe. Angeweza kujitetea. Abishai, ndugu yake Yoabu, anataka kwenda kumkata kichwa. Daudi anasema mwacheni atukane. Kesi aliyoshtakiwa haikuwa yake, ila alikuwa na nyingine, na mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kubishana hata na uongo. Vita vikapiganwa msitu wa Efraimu, siku moja wakafa watu 20,000. Mnaweza kuirudisha nyuma hesabu hiyo wenyewe, kutoka msituni mpaka darini.

Nimalizie na kundi ambalo huwa halisemeshwi kwenye semina za viongozi, yaani nyie mnaotumwa. Makatibu, madereva, wahasibu, mnaoambiwa saini hapa, andika tarehe ya wiki iliyopita, hii risiti itatafutwa baadaye. Kuna waliowahi kukataa. Sauli aliwaambia walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu, walinzi wa mfalme wakagoma kunyoosha mikono yao, ikabidi aitwe Doegi Mwedomi, akaua makuhani 85 siku hiyo. Kwa hiyo kukataa kwenu kunaweza kusizuie jambo, sitawadanganya.

Ila yule ninayempenda zaidi ni askari mmoja asiye na jina, 2 Samweli sura ya 18. Alimuona Absalomu ananing'inia mtini, akampelekea Yoabu taarifa. Yoabu akamwambia mbona hukumuua, ningekupa vipande 10 vya fedha na mshipi. Yule askari akamjibu, hata ungenihesabia vipande 1,000 mkononi nisingemgusa mwana wa mfalme, tulisikia wote amri aliyokupa, na ningefanya hivyo hakuna neno linalofichika kwa mfalme, na wewe mwenyewe ungesimama mbali nami. Anamwambia kamanda wake usoni! Alikuwa anamjua bosi wake vizuri, anajua siku ya kuulizwa Yoabu atasema simfahamu huyu kijana. Yoabu hakubisha. Alisema tu sina muda wa kukaa na wewe hapa, akaenda kuua mwenyewe.

Ni mstari wa 10 mpaka wa 14, wahasibu na makatibu nawaomba msome huo kwenye vikundi, wenyeviti mnaweza kusoma wa Amnoni. Chai iko tayari, maswali tukirudi.